Jina na Mfupa: Jinsi Spishi za Samaki wa Kale wa Mahenge Zilivyotambuliwa

Mtu akitaja Mahenge, aghalabu msikiaji hufikiri mji ule wa milimani katika Ulanga, ambao boma lake lilishambuliwa wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Iko Mahenge nyingine, nayo ni mahali padogo katika nyanda za juu za Singida, magharibi ya mji wa Singida wenyewe. Sifa yake si ya vita. Hapo zipo tabaka za tope la kale lililogeuka mwamba, na ndani ya tabaka hizo wamelala samaki walioishi miaka kiasi cha milioni 46 iliyopita. Samaki hao wamepewa majina ya Kilatini, na kwa majina hayo Mahenge na Singida zimeingia katika vitabu vya elimu ya samaki popote vinaposomwa. Swali la makala haya ni moja: mtaalamu akiwa na bamba la mwamba mkononi, na juu yake alama ya samaki aliyebanwa kama jani kati ya kurasa za kitabu, hujuaje kwamba samaki huyo ni wa spishi hii wala si ile? Na ujuzi huo una nguvu kiasi gani?

Kwanza yafaa kutenga matendo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kutambua ni kuona kwamba kitu hiki ni sawa na kingine kilichokwisha kujulikana. Kuainisha ni kukiweka kitu mahali pake katika ngazi za ukoo, jenasi na spishi. Kupa jina ni jambo la tatu, mbali na hayo mawili. Samaki aweza kuainishwa bila kutambuliwa, yaani mtaalamu akajua ni wa ukoo gani asijue ni spishi gani. Na jina laweza kudumu hali uainishaji umebadilika. Kwa matendo yenyewe Kiswahili kina maneno ya kutosha. Taabu iko kwenye ngazi. Neno aina ni pana mno: aina ya samaki yaweza kuwa spishi, yaweza kuwa kundi zima, yaweza hata kuwa samaki wa kukaanga mbali na samaki wa kukausha. Neno jinsi lingefaa kwa asili yake, maana Kiarabu jins chatokana na Kiyunani genos, nacho ni ndugu wa Kilatini genus. Lakini katika Kiswahili jinsi imekwisha kuhamia kwenye maana ya namna au njia, na jinsia imeshika maana ya uume na uke. Ndiyo sababu vitabu vya shule vimepokea spishi na jenasi, na makala haya yafuata njia hiyo, pamoja na neno kisukuku kwa mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa katika mwamba. Asiyependa maneno ya mkopo na akubali kwamba hapa mkopo umeleta faida: neno spishi halina kumbukumbu nyingine katika akili ya msemaji, na kwa hiyo laweza kufungwa kwenye maana moja.

Ziwa la Mahenge lilianza kwa mlipuko. Mwamba ulioyeyuka wa namna ya kimbalaiti, ndugu wa ule unaochimbwa almasi huko Mwadui, ulipanda kutoka chini sana ardhini, ukapasua uso wa nchi, ukaacha kasoko. Kasoko ikajaa maji. Katika ziwa la namna hiyo tope laini hutua polepole, tabaka juu ya tabaka, na samaki afaye akazama mahali pasipo na viumbe wa kumtafuna, mifupa yake hubaki imeungana. Umri umepatikana kwa kupima kiasi cha urani na risasi katika punje za zirkoni zilizomo ndani ya kimbalaiti yenyewe. Kwa hiyo ni umri wa mlipuko, si wa samaki, ingawa kasoko haielekei kukaa tupu kwa muda mrefu sana. Wa kwanza kuijali miamba hiyo hawakuwa watafuta samaki bali wachunguzi wa kimbalaiti, na deni hilo limelipwa kwa jina: popo wa kale aliyepatikana Mahenge ameitwa Tanzanycteris mannardi, kwa heshima ya Mannard, mwanajiolojia aliyechunguza kimbalaiti za Singida. Hata chura wa hapo ana jina la mkoa, Singidella. Lakini samaki ndio walio wengi, nao ndio waliozua mabishano.

Msomaji wa lugha ataielewa kazi ya mtaalamu wa visukuku kwa haraka akikumbuka hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko wa zamani, kabla ya marekebisho ya baadaye, herufi be ilibeba sauti za b, p na mb. Kasra ilisimama kwa i na kwa e. Dhamma kwa u na kwa o. Basi neno lililoandikwa kwa be yenye kasra, na mim yenye fataha, laweza kusomwa bima, laweza kusomwa pima, laweza kusomwa pema. Mwandishi alikuwa na neno moja tu moyoni, na wasomaji wa zama zake hawakuona taabu. Taabu ni ya yule aliyekuja nyuma, ambaye amepokea alama pasipo kupokea sauti. Yeye hulazimika kupima mizani ya ubeti, maana ya mshororo na lahaja ya mtunzi, kisha akaamua. Na uamuzi wake, hata ukiwa mzuri namna gani, hauna budi kuitwa uamuzi. Mwamba ni mwandiko wa namna hiyo. Huandika mfupa, mwiba, jino na gamba, lakini rangi hauandiki, wala tabia, wala sauti, wala nyama laini isipokuwa kwa nadra. Tofauti mbili zilizokuwa dhahiri katika maji zaweza kuwa herufi moja katika jiwe.

Mlinganisho huo waonyesha jambo jingine. Msomaji wa hati hutegemea lugha iliyo hai. Asingekuwapo msemaji wa Kiswahili wa kuulizwa, nyingi za hati hizo zingebaki vitendawili. Vivyo hivyo kisukuku husomwa kwa msaada wa samaki walio hai, na Mahenge imetoa mfano ambao ni vigumu kupata ulio bora kuliko huo. Mwaka 1959 Clausen alieleza samaki mdogo wa mito ya Nigeria, akamwita Denticeps clupeoides. Huyu ni wa kundi kubwa la dagaa wa baharini na jamaa zao, lakini ana alama ya ajabu: vijino vingi vidogo vimeota juu ya mifupa ya kichwa chake, nje ya kinywa. Mwaka uliofuata, 1960, Humphry Greenwood, ambaye hapo awali alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki huko Jinja, alichapisha maelezo ya kisukuku kutoka Tanganyika chenye alama ile ile, akakiita Palaeodenticeps tanganikae. Hapa yafaa kusimama kidogo. Kama bamba lile la mwamba lingefika mezani miaka michache mapema, vijino vile vingeonekana bado, lakini havingekuwa na wa kulinganishwa naye; huenda vingechukuliwa kuwa uchafu wa mwamba, au kuwa alama ya kundi lisilojulikana. Samaki hai wa upande mmoja wa bara ndiye aliyefungua kinywa cha jiwe la upande mwingine. Na kwa njia hiyo ikajulikana kwamba ukoo ambao leo una spishi moja tu, katika mito michache ya Afrika ya Magharibi, zamani ulikuwa na jamaa hata Singida.

Majina ya wavuvi yasingetosha kwa kazi hiyo, wala si kosa la wavuvi. Neno dagaa katika Ziwa Tanganyika hutaja hasa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambazo kweli ni jamaa za dagaa wa baharini. Katika Ziwa Victoria neno hilo hilo hutaja Rastrineobola argentea, samaki wa kundi jingine kabisa. Neno dagaa huhesabu udogo, wingi, mng'ao, na namna ya kuanikwa. Huainisha samaki kwa matumizi, na katika matumizi halikosei. Vivyo hivyo chewa na pono wa pwani ni majina ya makundi yenye spishi nyingi. Anayeandika kwamba Palaeodenticeps alikuwa dagaa amesema kitu, lakini hajasema ni dagaa wa ziwa gani.

Samaki walioleta swali gumu zaidi ni wa ukoo wa perege, sato na furu, ambao kwa Kilatini huitwa Cichlidae. Kuujua ukoo huo kutoka kwenye mifupa si kubahatisha. Pezi la mgongoni sehemu ya mbele hushikwa na miiba migumu, na sehemu ya nyuma na nyuzi laini. Pezi la chini, nyuma ya tumbo, huanza kwa miiba, aghalabu mitatu. Mstari wa ubavuni, ule ambao samaki husikia kwao mtikisiko wa maji, umekatika vipande viwili, cha juu mbele na cha chini nyuma. Na kooni iko taya ya pili, ambayo mifupa yake miwili ya chini imeungana kuwa mmoja, wenye meno ya kusagia. Alama nyingine hupotea. Mathalan, samaki wa ukoo huu ana tundu moja la pua kila upande, hali samaki wengi wana mawili; lakini tundu la nyama halibaki katika mwamba. Alama mbili tatu zikikutana katika kisukuku kimoja, ukoo umepatikana, na wataalamu hawabishani sana. Ubishi huanza ngazi mbili chini yake.

Uchimbaji mpya uliofanywa Mahenge katika miaka ya 1990, ukiongozwa na Terry Harrison wa New York University, ulitoa vielelezo vingi vya samaki hao, na mwaka 2000 Alison Murray alivichapisha kwa jenasi mpya, Mahengechromis, yenye spishi tano. Majina ya spishi hizo yastahili kusomwa moja moja, kwa sababu mwanalugha huona ndani yake jambo ambalo msomaji wa mifupa aweza kulipita. Rotundus ni wa mviringo. Ellipticus ni wa umbo la yai. Brachycranium ni mwenye fuvu fupi. Curvifrons ni mwenye paji lililopinda. Jina la tano, plethos, ni Kiyunani lenye maana ya wingi. Katika majina matano, manne ni ya umbo, na moja ni la hesabu. Hakuna wa rangi, hakuna wa chakula, hakuna wa mahali alipotaga. Majina yamekiri wazi ni ushahidi gani uliokuwapo mezani: umbo la mwili na la kichwa, kama yalivyolala katika bamba.

Ili kujua uzito wa ushahidi huo, hapana budi kwenda kwa samaki walio hai wa ukoo huo huo, nao wako karibu. Katika maji ya mawe ya Ghuba ya Mwanza waishi samaki wawili wa jenasi ambayo mwaka 1998 ilipewa jina la Kiswahili kitupu, Pundamilia. Mmoja ni Pundamilia pundamilia. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Julius Nyerere. Madume ya wa kwanza yana rangi ya samawati na kijivu, yenye milia myeusi. Madume ya wa pili yana mgongo mwekundu. Kwa umbo wamekaribiana mno hata aliyezoea huwatofautisha kwa shida rangi ikiondolewa. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba majike huchagua dume kwa rangi, na kwamba pale maji yalipochafuka na nuru kupungua, mpaka kati ya samaki wa namna hii hufifia na huchanganyika. Basi rangi kwao si pambo. Rangi ndiyo ukuta wa nyumba. Samaki hao wawili wakizikwa leo katika tope la Mwanza na kuchimbuliwa baada ya miaka milioni 46, mchimbaji mwaminifu atahesabu spishi moja, naye atakuwa amekosea bila kosa lolote katika kazi yake.

Kutokana na mfano huo baadhi ya watu hukata shauri kwamba hesabu ya visukuku siku zote ni pungufu. Si lazima iwe hivyo. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia, na kwa Mahenge upande huo ndio wa kuchungwa zaidi. Mwamba ulioelemewa na uzito, au uliosukumwa upande, waweza kumrefusha samaki mmoja na kumfupisha mwingine wa tumbo moja naye. Samaki mchanga ana kichwa kikubwa na jicho kubwa kwa kadiri ya mwili wake kuliko mzazi wake. Dume na jike huenda wakatofautiana paji. Mambo hayo matatu, mbano, umri na jinsia, yote hugusa umbo, yaani kitu kile kile ambacho majina manne yamesimama juu yake.

Njia za kujikinga zipo. Mbano hujulikana kwa mwelekeo: samaki wawili waliolala katika bamba moja, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana wa bamba hilo, kama mwamba ulivutwa, mmoja atakuwa mrefu kupita kiasi na mwingine mnene kupita kiasi, wakiwa na umbo moja, mwamba hauna hatia. Umri hupimwa kwa kupanga vielelezo kutoka mdogo hadi mkubwa na kutazama kama kimo cha mwili, kikigawanywa kwa urefu wake, chabadilika taratibu. Ikiwa wafupi wote ni wadogo na warefu wote ni wakubwa, spishi mbili zaweza kuwa mtoto na baba. Tena kuna hesabu zisizokua: samaki akishamaliza uchanga wake wa kwanza, idadi ya pingili za uti wa mgongo na ya miiba ya pezi haiongezeki, hata mwili ukue mara tatu. Kwa hiyo mtaalamu huziamini hesabu kuliko vipimo. Bahati mbaya ni kwamba katika ukoo huu jamaa wa karibu mara nyingi hulingana kwa hesabu na hutofautiana kwa umbo, kinywa na meno. Ama jinsia ndiyo ngumu kuliko zote, na katika bamba moja moja haielekei kuamuliwa.

Nini hasa kinachotegemea idadi hiyo ya tano? Ni neno kubwa. Mwaka 2001 Murray alitoa hoja kwamba samaki hao wa Mahenge ni spishi za mlango mmoja, yaani zilizozaliwa pamoja kutoka kwa mzazi mmoja ndani ya ziwa lile lile. Jambo la namna hiyo lajulikana katika maziwa ya leo: furu wa Victoria huhesabiwa kwa mamia, na katika Barombi Mbo, ziwa la kasoko la Cameroon lisilozidi kilomita 3 kwa upana, ziko spishi 11 za ukoo huu zisizopatikana penginepo duniani. Kama hoja ya Mahenge ni kweli, basi uwezo wa ukoo huo wa kugawanyika upesi katika maji madogo si jambo jipya la maziwa makubwa ya leo, bali ni urithi wa zaidi ya miaka milioni 40. Kama tano ni moja iliyonyoshwa na kubanwa, hoja hiyo haina nguzo. Ikumbukwe pia kwamba samaki wa Mahenge ni miongoni mwa visukuku vya kale kabisa vya ukoo huu vinavyojulikana, na umri wao hutumiwa kupima saa ya urithi wa ukoo mzima, ambao wapatikana Afrika, Madagascar, Bara Hindi na Amerika. Hapo lakini idadi si kitu. Kwa saa hiyo yatosha kwamba ukoo ulikuwapo. Ni vema kutenga madai hayo mawili, kwa kuwa mara nyingi la kwanza huazima nguvu za la pili.

Upande wa majina, mambo hufuata Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Msingi wake ni kwamba jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja, kilichotajwa na kuhifadhiwa. Halifungwi kwenye maelezo wala kwenye mchoro. Maelezo yakionekana yana makosa, husahihishwa; kielelezo hubaki, na jina hubaki nacho. Siku ikithibitishwa kwamba Mahengechromis mbili ni spishi moja, majina mawili yatakuwa visawe, na moja litashika mahali pa yote mawili. Kwa kawaida lililotangulia kuchapishwa ndilo hushinda; lakini haya matano yalitoka katika chapisho moja, hakuna mkubwa wala mdogo, na katika hali hiyo mtaalamu wa kwanza atakayeyaunganisha ndiye atakayechagua. Jina litakaloachwa halifutwi. Hubaki katika kumbukumbu likiwa na kielelezo chake, tayari kurudi kama muungano ukivunjwa.

Kwa mwanalugha kuna upatanisho pia. Samaki mwingine wa Mahenge, aliyepewa jina mwaka 2005, ni Chauliopareion mahengeense. Mwingine, wa mwaka 2013, ni Mahengichthys singidaensis. Miisho yatofautiana kwa sababu pareion, yaani shavu, katika Kiyunani si neno la kiume wala la kike, na ichthys, yaani samaki, hutumika kama la kiume. Kivumishi hakina budi kuifuata ngeli ya jina, sawasawa na Kiswahili kisivyoruhusu kitabu mzuri. Mswahili angetarajiwa kuielewa kanuni hiyo upesi kuliko Mwingereza. Tahajia nayo ina ukaidi wake. Greenwood aliandika tanganikae. Jina la samaki wa ziwani liliandikwa tanganicae. Na nchi yenyewe ilijiandika Tanganyika hadi Muungano wa mwaka 1964. Hakuna ruhusa ya kuyapatanisha. Tahajia ya kwanza, isipokuwa imedhihirika kuwa kosa la kalamu au la mpiga chapa, ndiyo tahajia ya daima.

Singida yenyewe imekuwa jenasi. Greenwood na Colin Patterson waliliweka jina hilo mwaka 1967 juu ya samaki wa kundi la wenye ulimi wa mfupa, Singida jacksonoides, na tangu hapo neno hilo lina maana mbili zisizokutana: moja ya mkoa wenye watu, nyingine ya mnyama mmoja aliyetoweka. Maandishi hutenganisha maana hizo kwa herufi za mlazo. Katika usemi hakuna mlazo, na mhadhiri asemaye kwa Kiswahili hulazimika kuongeza neno, aseme jenasi Singida au samaki Singida, ili msikilizaji asidhani kwamba mkoa ndio ulioainishwa.

Haja ya maneno thabiti huonekana zaidi pale ambapo kisukuku chapaswa kuelezwa kwa wageni wa makumbusho katika kikaratasi cha mistari mitano. Kikiandikwa tu «samaki wa aina ya Mahenge, umri miaka milioni 46», kimechanganya spishi na mahali, na hakikusema Mahenge ipi. Kikaratasi kizuri kingetaja jenasi na spishi kwa Kilatini. Kingesema kama bamba hilo ndilo kielelezo kinachobeba jina au ni kielelezo kingine kilicholinganishwa nalo. Kingeandika Mahenge, Singida, bila kuacha neno la pili. Kingetenga mwaka wa kupewa jina, 2000, na umri wa mwamba. Na kwa Mahengechromis rotundus kingeongeza kwamba spishi hii imetengwa na ndugu zake kwa umbo la mwili.